Tupeane uzoefu: mafundi rangi wanaingia ndani, nyumba uliiandaaje?

Mama Wawili
Wakuu, habari za muda huu. Leo nimepita kwa jirani nikakuta mafundi rangi wamekaa nje na ndoo zao, jua limeshapanda, wanasubiri mwenye nyumba amalize kutoa vyombo kabatini. Nikakumbuka kuwa wangu wanaingia wiki ijayo: sebule, vyumba vya kulala na jiko, na sisi tunaendelea kuishi humo humo. Kila ninayemuuliza ananijibu "sogeza tu makochi". Sidhani kama ni makochi tu. Mliopitia hili, mlitoa nini, mliacha nini, na kipi kiliwasumbua kwa sababu hakikuandaliwa?

Fundi Rola
Dada, mimi ni mtu wa brashi, ngoja nikuambie kinachotukwamisha. Makochi hata sisi tunasogeza. Shida ni kabati lililojaa. Kabati zito halisogei, na likilazimishwa miguu inavunjika, milango inapinda, kioo kinaondoka. Toa vilivyomo vyote.

Vinavyobaki viweke katikati ya chumba, acha kama mita 1 kutoka ukutani kila upande ngazi ipate kupita. Chumba kikiwa kidogo, kihamishe chote, maana silingi (dari) nayo inapakwa. Picha, saa ya ukutani, mapazia na fimbo zake, vyote vishuke kabla hatujafika. Misumari usiyoitaka ing'oe tuzibe matundu. Tundu unalotaka libaki, chomeka kijiti cha meno. Nikikiona sizibi.

Kwangu Pasafi
Naunga mkono. Kabati tupu ndiyo nusu ya kazi.

Jiko la Juu
Mama Wawili, umesema na jiko. Hapo ndipo pana maumivu yangu, naomba usome mpaka mwisho.

Ukuta wa jiko langu ulikuwa umeshika mafuta miaka yote, hasa pale juu ya jiko na karibu na dirisha. Kwa macho huyaoni, ukipitisha kidole kinateleza. Nilimwambia fundi kwamba huu ukuta unahitaji kuoshwa. Akasema rangi nzito inafunika kila kitu. Nikarudia kumwambia. Akasema yeye ndiye fundi. Wakapaka, ikang'aa, tukafurahi. Haukupita muda mrefu rangi ikaanza kuvimba malengelenge kila tunapopika, halafu ikawa inabanduka vipande vikubwa, nyuma yake unaona yale mafuta ya zamani yametulia kama yalivyokuwa. Kibaya zaidi, kuirekebisha ilibidi kukwangua ile mpya yote, kuosha, kupiga msasa na kuanza upya. Kazi mara mbili kwenye ukuta mmoja.

Kwa hiyo jiko lioshe. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sponji, anzia chini ukipanda juu ili michirizi isikaukie kwenye sehemu ambayo haijaoshwa. Suuza kwa maji safi, kwa sababu sabuni ikibaki nayo inazuia rangi kushika. Halafu acha ukuta ukauke kabisa, madirisha wazi, usiku mzima au zaidi.

Mbishi Mstaarabu
Samahani wakuu, mimi sielewi. Nioshe ukuta, nizibe matundu, nihamishe kabati. Fundi namlipa afanye nini?

Fundi Rola
Mkuu, kuziba nyufa, kupiga msasa na kupaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ni kazi yetu. Kuhamisha nguo zako, nyaraka zako na vyombo vya watoto si yetu, na kwa usalama wako isiwe yetu. Kuosha mnakubaliana. Wapo wanaoosha, wapo wasioosha.

Mbishi Mstaarabu
Basi mseme hivyo kabla ya kuanza. Mafundi wengi mnakaa kimya, kazi ikiharibika ndipo tunaambiwa ukuta haukuandaliwa.

Fundi Rola
Na wateja wengi hamuulizi. Mimi kabla ya kazi nazunguka na mwenye nyumba chumba kwa chumba. Asiyetaka kuzunguka na mimi, hiyo kazi siichukui.

Binti Seremala
Mnabishana bure. Andikeni kwenye karatasi: nani anahamisha, nani anaosha, nani anaziba, koti ngapi za rangi (yaani inapakwa mara ngapi), nani anafagia siku ya mwisho. Kila mtu abaki na nakala. Na piga picha za vyumba na samani kabla hawajaingia, ili mkwaruzo wa zamani usigeuke ugomvi mpya.

Kasuku Wangu
Nimeona hamjagusa wanyama. Wenye ndege, mtoeni ndege nyumbani kabisa, si kumhamishia chumba cha pili. Ndege huvuta hewa kwa namna inayofanya moshi na harufu kali zimdhuru haraka kuliko mtu. Wenye samaki, ile pampu inasukuma hewa ya chumbani ndani ya maji, hivyo harufu ya rangi inaingia nayo. Hamisheni tenki, au mfunike vizuri na mzime pampu kwa muda mfupi wakati wa kupaka, huku mkiwaangalia samaki, nao wanahitaji hewa.

Babu Ngazi
Watoto wapelekwe kwa bibi. Na bibi asiletwe kuona mpaka koti ya mwisho ikauke, akifika katikati atachagua rangi nyingine. Nasema kwa upendo, kwangu ilitokea.

Shangazi wa Wote
Sikupanga kuandika. Ila hilo la kutoa vitu kabatini mwenyewe, na mafundi kusogeza wenyewe, limenirudisha mbali.

Nyumbani kwa wazazi sebuleni kulikuwa na kabati kubwa la mbao. Tangu napata akili sijawahi kuliona likihama. Baba alipofariki tukakubaliana nyumba ipakwe rangi wakati mama yuko kwa dada yangu, arudi akute pamechangamka. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyebaki na mafundi. Siku ya kwanza alikuwa vyumbani anafungasha, wao wakaanza sebule. Wakalisogeza kabati.

Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya baba. Kaandika kwa kalamu ya wino mzito, moja kwa moja ukutani. Majina yetu wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, tarehe, saa, mvua ilikuwepo au haikuwepo. Mafundi wakaona ni uchafu wa ukutani. Wakapitisha rola.

Kesho yake asubuhi fundi akamwita mdogo wangu: "Njoo uone, ukuta umekataa rangi." Maandishi yalikuwa yametoka juu ya ile rangi mpya, yamebadilika kuwa zambarau, mwandiko wa baba vilevile. Fundi mmoja alikuwa ameshaandaa praima ya mafuta ya kuyafunika moja kwa moja. Mdogo wangu akaanza kusoma kwa sauti. Akasoma jina la kaka, akasoma langu. Juu ya yote kulikuwa na jina ambalo hatulijui. Tarehe ya kuzaliwa, na tarehe nyingine siku chache mbele.

Akanipigia simu analia. Nikamwambia asiruhusu mtu kugusa ukuta ule, nakuja. Nilipofika, mama alikuwa amefika kabla yangu. Amesimama pale, mkono wake uko kwenye lile jina la juu.

Kwangu Pasafi
Eh jamani shangazi. Pole sana.

Mama Wawili
Nimesoma nimesisimka mwili mzima. Mliyaokoa maandishi? Mama alisema nini?

Njia Panda
Hiyo si bure wakuu. Mzee alikataa kufunikwa. Rangi inaenea ukuta mzima ikatae pale tu?

Mwalimu wa Zamu
Ndugu Njia Panda, tuheshimu msiba wa mwenzetu bila kuongeza. Wino wa kalamu nzito unayeyuka ukikutana na unyevu wa rangi ya maji, na rangi inapokauka ule wino unapanda nao juu. Ndivyo inavyokuwa pia kwa doa la maji kwenye silingi, kwa masizi, na kwa mafundo ya mbao. Unaweza kupiga koti tatu na bado likatoka. Linalozuia ni praima maalumu ya kuziba madoa.

Njia Panda
Mwalimu, kueleza jinsi lilivyotokea si kueleza kwa nini lilitokea siku ile.

Mwalimu wa Zamu
Na mimi sijasema halina maana kwao. Nimesema fundi yeyote ataliona kwenye ukuta wowote wenye wino.

Fundi Rola
Mwalimu yuko sahihi kwa upande wa kazi. Ila fundi aliyeona mwandiko wa mtu ukutani akapitisha rola bila kuuliza, huyo amekosa. Mimi nikikuta hata michoro ya mtoto naita mwenye nyumba kwanza.

Shangazi wa Wote
Asanteni nyote. Yalibaki. Tulipiga picha mchana na usiku tukimulika taa kutoka pembeni, herufi zilizofifia zikasomeka. Tukabandika nailoni nyeupe inayoonyesha, mdogo wangu akafuatisha kila herufi. Kipande kile cha ukuta hakikupakwa tena, fundi seremala alikizungushia fremu ya mbao na kioo. Lile jina la juu ni la kaka yetu wa kwanza. Mama alikuwa hajawahi kumtaja kwetu. Siku hiyo alitueleza tangu jioni mpaka alfajiri. Mengine ni ya kwetu.

Ninachomwomba Mama Wawili ni hiki: kabla fundi hajaingia, lisogeze mwenyewe kila kabati lako, utazame nyuma yake.

Binti Seremala
Nyuma ya kabati pia utakuta mchwa na ukungu. Ni afadhali uvione kabla, ratiba ya rangi haijaanza.

Mbishi Mstaarabu
Ukungu unapigwa rangi ya kuzuia ukungu, umekwisha.

Binti Seremala
Haukwishi kaka. Kama bomba linavuja au maji yanapanda kutoka chini, ukungu unarudi juu ya rangi hiyo hiyo. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi, ziba, acha ukuta ukauke. Ndipo ukungu usafishwe kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, glavu mkononi. Usichanganye dawa hiyo na sabuni nyingine, hasa yenye amonia. Inatoa gesi ya sumu.

Mbishi Mstaarabu
Hapo nimekuelewa. Silijui hilo la gesi, asante.

Nesi Mstaafu
Mama Wawili, nyumba ni ya zamani? Kama kuna rangi ya miaka mingi inayobanduka, usiruhusu ipigwe msasa mkavu kabla ya kupimwa. Rangi nyingi za zamani zina risasi, ile metali yenye sumu (lead). Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake linawaumiza zaidi watoto wadogo na wajawazito, na mtoto haonyeshi dalili mapema. Ikibidi kuigusa, iloweshwe maji kwanza ndipo ikwanguliwe, mafundi wavae barakoa zinazochuja vumbi, mlango wa chumba uzibwe kwa nailoni, na sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe. Nimeona watoto walioathirika. Naomba hili msilipite.

Kwangu Pasafi
Asante nesi. Hili lilipaswa kuwa la kwanza kabisa.

Mama Wawili
Nyumba ni ya zamani ndiyo, na chumba cha watoto ndicho kinachobanduka. Nitaulizia kipimo kabla ya kitu kingine chochote. Sakafuni nitandike nini? Nina nailoni kubwa.

Babu Ngazi
Nailoni inatosha.

Fundi Rola
Mzee, nailoni sakafuni inateleza, na ngazi ikiwa juu yake ni hatari. Tone la rangi halikauki haraka pale, unalikanyaga unalipeleka mpaka chumbani. Sakafuni tandika turubai la kitambaa au mashuka mazito, nailoni funika samani. Shuka jepesi lisitumike peke yake, rangi inapenya.

Babu Ngazi
Mimi nimetumia nailoni maisha yangu yote na sijaanguka.

Fundi Rola
Na Mungu aendelee kukulinda mzee wangu, lakini dada tandika turubai.

Mkono wa Waya
Soketi na swichi: fungua vifuniko vyake, rangi iingie nyuma ya ukingo. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, hakikisha kwa kipimo kwamba umekatika. Skrubu za kila chumba weka kwenye mfuko wake na uandike jina la chumba. Kama huna uzoefu na umeme, usifungue, zungushia tepu ya karatasi. Tepu ibanduliwe rangi ikiwa bado haijakauka kabisa, vinginevyo inaondoka na ukingo wa rangi.

Mama Wawili
Na friji? Siwezi kuizima.

Mkono wa Waya
Isogeze mbali na ukuta, iache iwake, ila usiifunike nailoni ikiwa inafanya kazi. Nyuma yake inatoa joto, ikizibwa inaharibika. Funika tu fundi anapopaka upande ule, ukiwa umeizima kwa muda huo mfupi na mlango wake haufunguliwi. Akimaliza, funua, washa.

Mama Wawili
Sawa. Kabati la chumba cha watoto tunalitoa vitu leo jioni na mume wangu, na tutatazama nyuma yake kama alivyosema shangazi. Mafundi nimewaandikia waje kwanza tuzunguke vyumba vyote pamoja.