MJADALA: Magari ya dizeli yalazimishwe kuwa na chujio la masizi?

Wakuu, hoja iko mezani: gari la dizeli lisiingie mjini bila chujio la masizi kwenye egzosi, na anayeling'oa apigwe faini. Mimi naunga mkono. Tangu 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Chujio zima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe zake. Wala si kitu kipya, Peugeot waliifunga 607 chujio hilo kiwandani mwaka 2000.

Mtasema linaziba. Ni kweli. Masizi yakijaa, injini huongeza dizeli ili joto lipande hadi nyuzi 600 hivi, yaungue yaishe. Hapo gari linatakiwa litembee mfululizo kwa kasi ya kutosha. La foleni kutwa halifiki huko, taa inawaka kwenye dashibodi, mwenyewe anakimbilia gereji. Fundi analifungua, anatoboa ndani, anachomelea, kisha anachezea programu ya injini taa isirudi. Ukichungulia uvunguni, bomba liko vilevile.

Mchangiaji 1: Mkuu, umejijibu mwenyewe. Anza na mafuta. Chujio linataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni; Ulaya wako kwenye 10. Ukilazimisha chujio huku pampu zinauza dizeli chafu, unawapa kazi hao hao mafundi wa kutoboa. Na bili analipa mwenye gari, si mwenye pampu.

Mchangiaji 2: Vumbi la breki na tairi je? Halipiti kwenye egzosi hilo. Hata gari la umeme lina tairi.

Mtoa hoja: La tairi ni kweli, lifunguliwe mada yake. Mkuu wa salfa, sawa, mafuta yatangulie, hapo sibishani. Lakini mafuta safi hayamrudishi aliyekwisha kutoboa. Kipimo cha zamani cha weusi wa moshi mara nyingi kinampitisha, maana injini za kisasa moshi wake hauonekani sana kwa macho. Uholanzi tangu Januari 2023 wanahesabu chembe zenyewe kwenye bomba, gari limesimama injini inaunguruma, na aliyetoboa anaonekana papo hapo. Sasa nijibu: dizeli ikishasafishwa, ukaguzi wa namna hiyo utaukubali, au utakuja na sababu nyingine?