Shirika la umma halilipi fedha za kukodi greda: notisi ya siku 90 na hesabu ya saa

Mitambo_Saiti
Wakuu, msaada wa kisheria. Greda na mtambo wa kushindilia vimekodishwa kwa shirika la umma hapa Tanzania, hisa zote za Serikali. LPO (hati yao ya kuagiza huduma) ilikuwa ya siku 30, mitambo ikakaa saiti siku 74. Ankara ya kwanza wamelipa, zilizobaki wanasema hazina LPO. Barua ya madai ya siku 14 imeshapelekwa, kimya. Kesi ifunguliwe mahakama ya wilaya? Na saa ambazo greda ililala zinadaiwaje?

Joho Jeusi
Mkuu, ukienda mahakama ya wilaya na barua ya siku 14 unajiletea pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kuondoa kesi kabla haijasikilizwa), na utashindwa.

Tangu marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, "Serikali" inajumuisha pia mashirika ya umma na kampuni ambazo Serikali ina hisa nyingi. Kwa hiyo kifungu cha 6 kinakuhusu: notisi ya kusudio la kushtaki, isiyopungua siku 90, iende kwa shirika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Ieleze msingi wa dai. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku zinahesabiwa kutoka hapo. Wapo wanaofungua siku ya 88, shauri linaondoshwa, wanaanza upya.

Siku 90 zikiisha, fungua Mahakama Kuu, shirika likiwa mdaiwa na Mwanasheria Mkuu ameunganishwa. Ukimwacha nje, mwenendo mzima unabatilika.

Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6. Usikae mpaka mwaka wa mwisho ndipo ukumbuke notisi.

Fundi wa Taimushiti
Mimi naongelea saa, maana huko ndiko fedha zinakopotea. Soma mkataba kama una kima cha chini cha saa kwa mwezi, yaani saa zinazolipwa hata kama mtambo haukuzifikisha. Tuseme ni saa 200, mita ya saa ya greda ilianza 4,312 ikaishia 4,449. Imefanya kazi saa 137. Zile 63 zilizobaki kufika 200 unadai tu kama mtambo ulikuwa mzima na opareta yupo. Saa za ubovu zinatolewa.

Taimushiti ya kila siku iwe na safu tofauti: kazi, kusubiri, ubovu, dizeli. Kwenye kusubiri andika sababu, mfano "kifusi hakijaletwa". Ukiandika "standbai" peke yake wakili wao atasema greda ilikuwa mbovu. Halafu angalia nani amesaini. Mkataba ukimtaja mhandisi wa mradi, saini ya fomani haitoshi.

Na mita isiwe ushahidi pekee, injini ikiunguruma bila kazi nayo inasonga.

Joho Jeusi
Hapo umegusa penyewe. Hasara mahususi, yaani fedha halisi unazodai kwa hesabu, hutajwa moja moja kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. "Milioni kadhaa za kodi" bila jedwali la siku haiendi popote.

Zile siku 44 za ziada ni ngumu zaidi, kwa sababu sheria ya ununuzi wa umma inataka nyongeza ya mkataba iidhinishwe. Dai chini ya mkataba, na kwa mbadala dai chini ya kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: aliyefaidika na kazi isiyokuwa ya bure alipe. Hapo barua zao za kuomba mitambo ibaki, hata WhatsApp ya meneja, ni dhahabu; hifadhi simu yenyewe, siyo picha ya skrini tu. Mkataba nao ulipiwe ushuru wa stempu, la sivyo utakataliwa kupokelewa kama kielelezo hadi ulipe ushuru na faini.

Mitambo_Saiti
Shukrani. Tukishinda, tunaweza kukamata akaunti yao ya benki?

Joho Jeusi
Hapana. Mali ya Serikali haikamatwi. Unaomba mahakama hati inayotaja kiasi cha tuzo, nakala inaenda kwa Mwanasheria Mkuu, kisha unafuatilia malipo. Ila kabla ya yote fungua ukurasa wa mwisho wa mkataba: kama kuna kipengele cha usuluhishi (mgogoro uende kwa msuluhishi badala ya mahakama), wataomba shauri lisimame kabla hata ya kujibu madai.