Naongoza tamasha la filamu za simu chuoni, zimekuja filamu 43 na ukumbi tuna masaa 4 tu, naombeni mawazo

Dada wa Ziwani:
Habarini za muda huu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Mwanza, na mwaka huu wenzangu wamenipa niongoze tamasha letu la filamu za simu. Hii ni mara ya pili linafanyika, mwaka jana mi nilikuwa mlangoni tu nakata tiketi. Masharti yetu ni mepesi, filamu ishutiwe kwa simu, isizidi dakika 8 na mwenye nayo awe mwanafunzi, basi. Tulitegemea 15 au 20, zimekuja 43! Wastani ni dakika 6, nikizidisha napata dakika 258 yaani masaa manne na dakika 18, na ukumbi tumepewa kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku. Hapo sijaweka hotuba ya mgeni rasmi wala zawadi.

Kamati tulianza 11, sa hivi wanaopokea simu ni 5 maana test zimeanza, wengine bumu (hela ya mkopo wa chuo) halijaingia wanahangaika na mambo yao, siwalaumu, ila kazi zote zinarudi kwangu, juzi nimelala saa 9 usiku najibu meseji za watu wanauliza kama filamu zao zimefika.

Alafu kuna ugomvi kwenye grupu. Kundi moja linataka wenye iPhone washindanishwe peke yao na wenye simu za kawaida peke yao, wanasema picha hazifanani ni uonevu, wengine wanasema ukigawa hivyo umewatangazia watu umaskini wao mbele ya ukumbi mzima. Mi mwenyewe nilishutia filamu yangu ya kwanza kwenye simu ya kuazima ambayo kioo kilikuwa kimepasuka kwahiyo hili linanigusa sana na sijui niamueje.

Na kitu kinachoninyima usingizi kabisa ni sauti. Mwaka jana tuliunganisha filamu zote kwenye laptopu ziwe faili moja refu, kufika ya nne midomo inaenda sauti inafuata nyuma, watu wakaanza kucheka, na ile filamu ilikuwa ya msiba, kijana ameigiza kumzika baba yake. Alitoka nje na hakurudi. Mwaka huu hajaleta kitu. Sitaki limkute mtu mwingine tena.

Kibarua wa Projekta:
Pole sana dada, na huyo kijana mtafute kabla ya siku yenyewe, mwambie mmegundua tatizo lilikuwa wapi, maana halikuwa kwake.

Iko hivi. Simu nyingi hazirekodi kwa spidi moja. Unaona imeandikwa fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30, lakini ukiingia gizani au simu ikichemka inashuka yenyewe 27, 24, alafu inapanda tena. Ukicheza hiyo video kwenye simu yenyewe huoni kitu. Ukiiweka kwenye programu ya kuediti ya laptopu pamoja na nyingine, programu inahesabu kama vile spidi ni moja mwanzo mwisho, picha na sauti vinaachana kidogo kidogo, dakika ya kwanza huoni, dakika ya tano ni aibu. Dawa ni HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, ingiza kila filamu moja moja kabla ya kuunganisha chochote, sehemu ya video chagua fremu zisizobadilika, toa MP4 ya H.264 (namna ya kubana video), ukubwa wa picha 1080 unatosha. Hiyo H.264 usiipuuze, simu mpya zinarekodi H.265 na laptopu za zamani zinakwamakwama nayo.

La pili, filamu mmepokea kwa njia gani? Kama walituma WhatsApp kama video za kawaida basi mna makapi, zimebanwa. Warudishe waseme wazitume kama dokumenti, inakubali mpaka GB 2, au walete kwa flashi mkononi. Filamu 43 mkononi ni siku mbili tu za mtu mmoja kukaa kantini na laptopu.

La tatu, saa 10 jioni ukumbi una mapazia? Jua la Mwanza linazama karibu saa 1, na projekta za vyuo vyetu haziwezi kushindana na dirisha. Kuna mwaka nilijitolea ZIFF, lile tamasha la filamu kule Zanzibar, pale Ngome Kongwe ni uwanja wa wazi, na filamu kubwa zilikuwa zinasubiri giza liingie ndio zinaanza. Nendeni mkajaribu saa ileile mtakayoonyeshea, sio asubuhi. Cheza filamu zote mwanzo mwisho kwenye spika zilezile mtakazotumia, mmoja akae siti ya nyuma kabisa na daftari aandike kila filamu sauti ipo juu au chini, maana moja itanong'ona na inayofuata itapasua masikio. Mkimaliza, kopi kwenye laptopu mbili na flashi moja. Na simu iliyounganishwa na spika isiwe ya mtu anayepigiwapigiwa.

Mama Kamati:
Marahaba mdogo wangu. Niliongoza tamasha kama hilo nikiwa chuo Dodoma, sa hivi nina watoto wawili ila bado nakumbuka ile hali ya kujibu meseji usiku.

Nikwambie kilichonisaidia. Nilikuwa naandika kwenye grupu "jamani nani atashughulika na mabango?" kimya, naishia kufanya mwenyewe huku nina hasira. Nikaacha kabisa kuomba kwenye grupu. Nikawa nampigia mtu mmoja kwa jina lake, "Neema, ukumbi ni wako, funguo utaenda kuchukua wewe kwa mlinzi na ukiamua viti vikae vipi hakuna atakayekupinga hata mimi." Na kweli alipovipanga tofauti na nilivyotaka nikanyamaza, ilinichoma lakini nikanyamaza. Toka siku ile hakukosa. Watu wako sita hawajakimbia wote, wengine hawajui tu kazi yao ni ipi. Wapigie leo leo, usitume meseji. Anayesema ana test muulize test inaisha lini, mpe kazi inayoanza siku ya pili yake. Kila kazi iwe na wawili, mmoja wa mwaka wa kwanza, ili mwakani asiwepo mtu anaanza kutoka mlangoni kama ulivyoanza wewe.

Na kama kuna senti yoyote ya mdhamini, nauli na chakula cha kamati kitoke kwanza kabla ya fulana.

Kuchagua: kila filamu itazamwe na watu watatu. 43 mara tatu ni 129, ukipata watazamaji 9 kila mmoja anabeba 14 au 15, ni saa moja na nusu tu ya mtu. Asiwepo anayetazama ya rafiki yake. Chukua 18 fupi fupi, ukumbi utapumua na mtapata muda wa kuwauliza watengenezaji maswali, ambayo kwangu mimi ndio ilikuwa tamu kuliko zawadi.

Komredi wa Eldoret:
Habari kutoka Kenya. Mimi napinga hiyo ya 18 na nitasema kwa nini. Hao wengine 25 walilala njaa wakinunua bando wakatuma, wameambia mamao zao, alafu unawaambia hapana? Sisi tulifanya hivi, zile zilizochaguliwa zikaenda ukumbini jioni, na zingine zote zikachezwa mchana kwa darasa moja na TV, zinazunguka tu, mtu anaingia anatoka. Wakati mwingine darasa lilikuwa limejaa kuliko ukumbi juu watu walikuja kujiona.

Kuhusu simu, msigawanye. Sean Baker, mwongozaji wa Marekani, alipeleka filamu yake Tangerine kule tamasha la Sundance 2015 ikiwa imeshutiwa na iPhone 5s, na mwaka wa 2025 huyo huyo akabeba Oscar nne usiku mmoja. Lakini watu husahau kwamba sauti hawakutegemea maiki ya hiyo simu, walirekodi kando na vifaa vya sauti. Na wale vijana wa Kaduna, Nigeria, wanajiita The Critics Company, mwaka wa 2019 dunia iliwajua wakishuti filamu za sayansi ya kubuni (sci-fi) kwa simu ya kioo kilichopasuka, kitambaa cha kijani kimetundikwa ukutani, umeme unapotea kila saa. Dada, simu yako ilikuwa kama yao.

Sisi kwa fomu tulitoa kabisa ile sehemu ya kuuliza simu gani. Majaji hawakujua. Na tukasema alama za sauti na hadithi ni nyingi kuliko za picha. Sauti nzuri unaweza kuipata hata na simu ya pili ya rafiki umeificha mfukoni mwa shati la anayeongea, haihitaji pesa.

Dada wa Ziwani:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. @Kibarua ni kweli kabisa wengi wametuma WhatsApp, 29 kati ya 43, nimeshawapigia warudie. @Mama Kamati nimempigia mmoja ambaye nilidhani amenikasirikia, kumbe alikuwa anasubiri aambiwe, amechukua mabango yote. @Komredi hiyo ya darasa la mchana nimeipenda mno, na sehemu ya simu kwenye fomu nimeifuta jana usiku, grupuni wamelalamika nikawaambia uamuzi ni wangu na nitaubeba.

Limebaki moja. Kuna filamu nzuri kuliko zote, dakika 5, kijana amemfuata mama anayeanika dagaa pale Kirumba toka alfajiri. Hakuna maneno, mikono tu na ndege na mwanga wa ziwa. Nimemuuliza kama alimwomba ruhusa akasema "alikuwa ananiona." Na mwishoni kaweka wimbo wa Bongo Fleva wa msanii mkubwa. Niipitishe?

Mzee wa Ngamiani:
Mwanangu, kuonwa sio kuruhusu. Mwambie kijana arudi Kirumba na simu yake, amkalishe yule mama chini, amwonyeshe filamu yote, alafu amuulize. Toka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, sura ya mtu ni yake. Akikataa, filamu haionyeshwi hata ingekuwa nzuri namna gani. Hapo utaumia, ila ndio kazi uliyopewa.

Wimbo autoe. Haki za msanii ziko chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo, na wewe kiongozi ndiye mwandaaji, utaulizwa wewe. Chuoni kwenu hakuna anayepiga gitaa, zeze au ngoma? Arekodiwe huyo, jina lake liandikwe mwishoni.

Na kibali umeshaulizia? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976, na Bodi ya Filamu ndio inayosimamia uonyeshaji. Mimi tulipofanya letu nilianzia kwa afisa utamaduni wa wilaya, nikamkuta mtu mwema, akanielekeza hatua zote, lakini ilichukua siku, kwahiyo usingoje wiki ya mwisho. Chukua barua ya mshauri wa wanafunzi uende nayo.

Dada wa Ziwani:
Shikamoo baba, na asante. Barua nimeipata leo, afisa utamaduni nimepangiwa Jumatano.

Tulienda Kirumba jana mimi na kijana. Mama aliitazama mara tatu. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akaita wenzake, ya tatu akatazama kimya mpaka mwisho, akasema sawa muonyeshe, ila pale anapojifunga kanga vizuri ikatwe, na akauliza inaonyeshwa saa ngapi kwasababu saa 10 yeye bado hajakusanya dagaa. Kijana ameshakata. Wimbo ametoa, kabakisha sauti ya ndege na mawimbi, na kusema ukweli sasa ndio inatisha kwa uzuri. Nimeomba ukumbi usogezwe uanze saa 12 na nusu, wamekubali mpaka saa 4 usiku ila mlinzi tumlipe sisi. Filamu 17 ukumbini, 26 darasani mchana, na ya mama tumeiweka ya mwisho ili awahi.

Na yule kijana wa filamu ya msiba nilimpata. Tumeipitisha filamu yake kwenye HandBrake tukiwa wote, tukaitazama kwa spika kubwa, midomo na sauti viko pamoja. Hajasema kama atakuja. Nimemwachia nafasi ya tatu kwenye ratiba, akikubali ninaibandika, na hizo zitakuwa 18.

Sasa shida iliyobaki, projekta iko juu dari katikati ya ukumbi na meza ya laptopu iko nyuma kabisa, waya wetu wa HDMI ni mita 5. Kuna mtu Mwanza ana wa mita 15 tuazime siku mbili? Tutakuja kuuchukua wenyewe.