Tupeane uzoefu: wadau wa makazi na maendeleo ya jamii, kuandikisha wakazi kumekutoa jasho wapi?

Mchora Mitaa
Habari za jioni wadau. Najua humu tupo wengi, mipango miji, maafisa maendeleo ya jamii wa kata, wathamini, watu wa NGO za makazi, na nyie vijana mnaochukuliwa kwa mkataba wa mradi na tableti mkononi. Sera tumeshabishania sana, nyumba nafuu, riba za mikopo, hati. Leo naomba kitu kimoja tu, ile siku unashuka mtaani kuandikisha watu. Kwa nilivyoona mimi nyumba inagawiwa siku ile, kule kwenye kukata utepe watu wanaenda kupiga picha tu.

Naanza mimi. Mradi wa mitaro na barabara, Dar, upande wa Temeke. Wakaleta droni, ofisini wakahesabu mapaa wakasema tayari tuna idadi ya kaya. Haya, tukashuka. Nyumba ya Kiswahili unaijua, vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko la wote. Paa moja lile lina kaya sita, saba ukimweka na kijana anayelala baraza ya nyuma na mkokoteni wake wa mahindi. Kwenye ramani ile ni nyumba moja na mwenye nyumba mmoja, ambaye yuko Chanika anakuja tarehe za kodi. Tulipoanza kuuliza kila chumba, nani mnakula chungu kimoja, idadi ikapaa mpaka bosi akapiga simu kuuliza kama tunapika data.

Mthamini wa Zamu
Umegusa kidonda mkuu. Wengi hawajui kanuni zetu za fidia za 2001 zinasemaje. Ukichukuliwa eneo unalipwa thamani ya ardhi na jengo, kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya hilo jengo mara miezi 36, kuna usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20. Uzuri wake sina ubishi nao. Ila soma taratibu uone zinamfuata nani, ni mwenye jengo. Yule mama wa chumba namba nne aliyelipa kodi ya miezi sita juzi kwa hela ya kikoba, fomu yangu haina sehemu yake. Nimeshaulizwa "na mimi je?" na mtu kashika mtoto mgongoni, nikabaki kukagua tepu yangu kama vile imeharibika.

Miradi ya hela za Benki ya Dunia ni tofauti kidogo, kule mpangaji anaandikwa, hata asiye na karatasi yoyote anaandikwa, ilimradi alikuwepo kabla ya ile tarehe ya mwisho ya kuandikishwa. Ndo maana mtaa mmoja unaweza kuta upande huu wa barabara wapangaji wamepata chochote na upande ule hawajapata kitu, kisa mfadhili. Mweleze mwananchi hiyo akuelewe.

Kijana wa Data
Samahani wakubwa, kwani mpangaji si anahama tu anatafuta chumba kwingine? Yeye kapoteza nini?

Bi Maendeleo Kata
Mwanangu Kijana wa Data umelipa kodi mwenyewe lini? Anapoteza miezi iliyobaki, shule ya mtoto, wateja wa maandazi wanaomkopa na kumlipa, na kazi anayoiendea kwa miguu. Waulize wa Kurasini. Bandari ilipopanuliwa wenye nyumba walilipwa, wapangaji wakaambiwa kwaherini. Wale kina mama waliokuwa kwenye Shirikisho la Maskini Mijini wakaanza kuweka akiba kidogo kidogo, na lile shirika la Center for Community Initiatives likiwashika mkono, wakanunua ekari 30 Chamazi wakajifyatulia na matofali. Watu wanasifia nyumba, mie nasifia daftari la akiba. Hamna aliyehitaji kuja kuwaandikisha, walishajiandika wenyewe, kila wiki, jina na shilingi yake.

Ila nisiwapambe sana, Chamazi ni mbali. Kama Mabwepande vile, waliohamishwa baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Kiwanja unapewa, riziki iko Kariakoo, nauli unatoa wapi? Wengine waliuza wakarudi bondeni, na ofisi ikawaita wakorofi.

Wa Viwandani
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mko na mapaa, sisi tuko na milango. Mukuru yote, hiyo mitaa ya mabanda ya kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kaunti iliitangaza eneo maalum la mipango, yaani lipangwe kivyake, Agosti 2017, kaya zaidi ya laki moja, na ardhi nyingi hapo ilishagawiwa watu binafsi miaka ya 80 ati ya viwanda vidogo, viwanda havikujengwa watu wakajenga mabati. Sasa wewe andikisha watu wakae kwa mpango wa ardhi yenye karatasi ziko kwa kabati ya mtu mwingine.

Kazi yangu ya kwanza kwa hii laini ilikuwa kuchora namba kwa milango na rangi. Jioni uvumi umetoka ati namba ni ya kubomolewa, asubuhi tukirudi milango imesuguliwa na parafini mpaka mbao imekuwa nyeupe. Na huwezi laumu mtu, hapa Nairobi rangi kwa ukuta haijawahi leta habari njema. Kilichosaidia ni vile vikundi vya kaya kumi kumi, mama wa mlango wa pili anajua nani analala wapi na nani amekuja jana. Muungano wa Wanavijiji, kile chama cha wakaaji wa mabanda, walikuwa washazoea hiyo mambo ya kujihesabu kitambo, mimi na digrii yangu nikawa wa kubeba karatasi.

Shida yetu ni kwamba Mukuru zaidi ya kaya tisa kwa kumi ni wapangaji, na mwenye mabati haishi hapo. Siku ya kuhesabu anatuma mabinamu kutoka ushago wanalala kwa nyumba tupu na godoro jipya bado liko kwa plastiki. Hiyo godoro ndio ilikuwa inawauza.

Mchora Mitaa
😂😂 Godoro la plastiki! Huku kwetu ni sufuria, unaingia chumbani hamna hata sufuria yenye masizi, na watu wanne wanasema wamekaa miaka kumi.

Nyanya wa Soweto
Na hata ukiandika sawa bado. Kibera Soweto Mashariki watu walihamishiwa Lang'ata 2009 wangoje nyumba zao zijengwe. Fleti moja ya vyumba vitatu, kila familia ikapewa chumba, jiko na bafu la kushare. Orodha yetu ilikuwa safi kabisa, majina yote yako, na bado wengine wakapangisha chumba wakarudi kijijini Kibera kwa sababu ile pesa ya kodi ndio karo. Watu wa ofisi wakasema wamekula njama. Mimi nikauliza, umemwandika jina na namba ya kitambulisho, ulimuuliza anakula nini? Sasa ni mambo ya Boma Yangu, ile ya nyumba nafuu za serikali, unajiandikisha kwa simu, na tangu sheria ya 2024 kila mwenye payslipu anakatwa 1.5%, mwajiri anaongeza 1.5%. Mama mboga wa Gatwekera anaona majina kwa simu na hana deposti. Hapo sisemi zaidi.

Pwani Kwetu
Nyote mwasema mwenye nyumba na mpangaji, wawili. Njooni Mombasa muone watatu. Majengo, Kisauni, Likoni, kuna nyumba bila ardhi, mwenye shamba ni mwengine, mwenye nyumba mwengine analipa kodi ya ardhi kila mwezi tangu babu yake, na vyumbani muna wapangaji. Mradi ukija fomu ina mstari mmoja wa "mmiliki". Nishakaa barazani na wazee wawili, mmoja kashika risiti za kodi ya ardhi za tangu ukoloni zimefungwa kwa khanga, mmoja kashika hati, wote wasema hii ni yangu na wote wasema kweli. Benki haimkopeshi wa nyumba kwa sababu hana ardhi. Mimi huandika majina yote matatu na nikirudi ofisini naulizwa kwa nini nimeharibu fomu.

Mtoto wa Nyarugusu
Mimi niko Louisville, Kentucky, nasaidia wakimbizi kupata nyumba, wengi Wakongo wenzangu tulitoka kambi moja Kigoma. Huku hakuna kuhesabu mapaa lakini orodha ni ile ile. Vocha ya Section 8, msaada wa kodi ya nyumba wa serikali ya Marekani, inafanya ulipe kodi kama asilimia 30 ya kipato chako, nyingine inalipa serikali, sasa foleni yake ni miaka na mara nyingi imefungwa hata jina halipokelewi. Balaa letu ni majina. Mkongo kila mtoto ana jina lake, halifanani na la baba, mama mwenye nyumba anauliza hawa watoto sita ni wa nani? Halafu kambini wengi waliandikwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kompyuta ikiona ndugu watatu siku moja inawaza ni mtu mmoja kajiandikisha mara tatu. Nimekuwa mtu wa kuandika barua za maelezo tu, na cheo changu kinasema maendeleo ya jamii.

Mwenyekiti Mstaafu
Mmemaliza nyie wasomi? Mwenyekiti wa mtaa mnamkumbuka mkikwama tu, mkitaka muhuri. Nawaambia kinachoua orodha ni muda. Magomeni Kota, zile nyumba za zamani za serikali hapa Dar, kaya 644 zilitolewa zijengwe upya, maghorofa yakafunguliwa 2022, hapo katikati imepita kama miaka kumi. Orodha ikikaa hivyo lazima ikukute na warithi, mke wa pili ambaye hakuandikwa, mtoto wa nje, na barua ya mirathi kutoka mahakama ya mwanzo. Mimi kwenye mtaa wangu nilikuwa nalazimisha jina la mke liandikwe pamoja na la mume, wanaume wakaninunia, misiba ilipokuja wakaja wenyewe kuomba nakala.

Bi Maendeleo Kata
Mwenyekiti hiyo nakala ulikuwa unaibandika ukutani au unakaa nayo mwenyewe? Maana kwetu tukibandika kila mtu anamsoma mwenzie, tusipobandika majina yanaongezeka usiku.

Mwenyekiti Mstaafu
Nabandika mama. Siku saba, na kalamu imening'inizwa na uzi, mwenye pingamizi anaandika pembeni na jina lake. Wasiotaka kuandika jina lao huwa hawana pingamizi, wana umbea.

Wa Viwandani
Kalamu na uzi, naibeba hiyo. Mwenyekiti, na wale hawajui kusoma?

Mwenyekiti Mstaafu
Jioni tunasoma kwa sauti, chini ya mwembe wa ofisi, chumba kwa chumba. Hapo leta kiti, utakaa sana.