Naombeni msaada, maelekezo ya wageni kwa Kingereza kilichonyooka

DadaWaMoshi: Wakuu habari za jioni. Nasimamia nyumba huku Moshi, wanafikia wageni wanaokuja kupanda mlima, sasa bosi anataka karatasi ya Kingereza ya kubandika bafuni na jikoni. Kuongea naongea vizuri tu, kwenye kuandika ndo shida, mgeni anasoma halafu bado ananipigia usiku umeme umekata afanyeje. Ya hita iko hivi: "You are required before bathing to be switching on the heater and after finishing it should be switched off." Ya luku: "Token if finished the number is entered in the remote." Nirekebisheni, maana gesi na pampu bado.

Ticha_K: Dada maelekezo ya Kingereza anza na kitenzi kitupu, wala si ukali, hata kwenye boksi la dawa wanaandika hivyo. "Switch on the heater. Wait 10 minutes. Switch it off before you shower." Hiyo "should be switched off" haisemi nani azime, mgeni anaweza kudhani utakuja kuzima wewe.

fundi_hanga: Naongezea kwa ticha. Sie mafundi wa ndege vitabu vyetu viko kwenye Kingereza kilichopunguzwa makusudi, kinaitwa Simplified Technical English, kwa sababu mafundi wengi duniani sio lugha yao. Sentensi ya kazi haizidi maneno 20 na inabeba tendo moja, labda yawe yanafanyika kwa pamoja. Kitu kikishapewa jina usikibadilishe, ukiandika heater juu usije chini ukaandika boiler, mgeni ataanza kutafuta kitu cha pili. Na la hatari litangulie!! Kwenye gesi ukiliweka mstari wa mwisho atakuwa ameshawasha kiberiti. Anza: "If you smell gas, do not light the stove and do not touch any switch. Close the valve on the cylinder. Open the windows. Call me."

mangi_86: Luku anza na sharti, mkato, ndo tendo. "If the power goes off, check the meter. If it shows 0, call me for a token. Type the 20 digits on the keypad next to the fridge and press Enter." Remote itoe, mgeni ataenda kubonyeza ya tv.

DadaWaMoshi: Asanteni sana jamani. Pampu je: "If there is no water in the kitchen, switch on the pump. When the tank is full, switch off the pump."

Ticha_K: Sarufi iko safi, na the zimekaa mahali pake. Ila atajuaje tenki limejaa? Andika anachokiona: "When water comes out of the pipe above the tank, switch off the pump." Kabla hujabandika mpe mtu ambaye hajawahi kuingia hapo aifuate bila kumsaidia, pale atakapokwama ndo pa kurekebisha.