Wauza adapta za maiki mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Hawa jamaa wa adapta za maiki Kariakoo wanatupiga, tena huku wanacheka. Unaenda na maiki yako ya kubana kwenye kola, unasema unataka cha kuiunganisha na simu ya Type-C. "Hii hapa bosi, inakubali simu zote." Unamwambia aijaribu. Anachomeka hedifoni, anafungulia Bongo Fleva: "Si unasikia?" Nasikia nini wewe? Mimi nataka sauti iingie, unanionyesha inavyotoka!

Unafika nyumbani unarekodi, sauti ipo, unafurahi. Kumbe simu imeikaushia ile maiki, inarekodi kwa maiki yake yenyewe. Igonge kwa ukucha uone: kimya. Ila jirani akifunga mlango, anasikika vizuri kabisa.

Na wala si uchawi. Tazameni pini. Maiki nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera zina pini ya mistari miwili myeusi. Simu inataka ya mistari mitatu, maana inasoma sehemu nne za chuma, na kwenye simu nyingi za sasa ile ya mwisho kabisa, kule kwenye shina, ndiyo ya maiki. Ukiipa ya mistari miwili inajua umechomeka hedifoni tupu. Kuna kiwaya kifupi cha kugeuza miwili iwe mitatu, wala si cha bei mbaya, lakini kiulizie dukani uone unavyotolewa macho.

Hizo Type-C ndiyo balaa lenyewe. Nyingine ndani hazina chipu yoyote, zinategemea simu itoe sauti ya analogi, yaani iwe imeshaigeuza yenyewe kutoka dijitali, na simu kibao haziitoi. Nyingine chipu ipo, lakini ya kutoa sauti tu, ya kupokea wamebana matumizi. Kwa nje zote nyeupe, zote sawa, na boksi limechorwa maiki kuuubwa.

Walioanza kututia umaskini huu ni wa kututolea tundu la hedifoni kwenye simu. Apple walilitoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wenzao wakawacheka, kisha wakafuata nyuma. Watu wakanunua adapta za Lightning, lile tundu la chaji la iPhone za wakati huo. 2023 ikaja iPhone 15 na Type-C, haya, nunua tena.

Na asije mtu na "tumia laptopu". Nyingi siku hizi zina tundu moja la mistari mitatu, kesi ni ileile.

Jamaa wa kwaya yetu ndiye kanimaliza: kauziwa waya wa kuchomeka maiki ya kondensa, ile kubwa ya studio, moja kwa moja kwenye simu. Ile inataka volti 48! Simu izitoe wapi?

Nimerudi dukani, nikaonyeshwa maandishi kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Anayejua duka wanalojaribu kwa kurekodi na kukusikilizisha, aliweke hapa. Na nyie wauzaji mliomo humu, msiniletee "mkuu ulinunua feki". Feki mnauza nyie.