Nina mawazo mengi ya biashara: nitajuaje lipi la kulishika?

Mwanagenzi

Ndugu zangu, salamu. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kuanzisha biashara, iwe ilisimama au ilianguka, kwa sababu ushauri wa wasiowahi kuanzisha ninao wa kutosha.

Nimeajiriwa kwa miaka tisa katika idara ya ununuzi ya kiwanda, na kwa miaka miwili sasa nina daftari ambamo ninaandika kila wazo la biashara linalonijia. Juzi niliyahesabu nikakuta yamefika 41. Nimeyachuja yakabaki matatu: programu ya simu ya kuwakumbusha wenye mashine tarehe za matengenezo, huduma ya kuwaandalia wafanyabiashara wadogo nyaraka za zabuni, na ukodishaji wa vifaa vya ujenzi. Kila nikianza kulishughulikia moja, wiki ya tatu haiishi kabla jingine halijaanza kunipendeza zaidi, nami ninarudi nilikotoka. Nimeyachorea majedwali na kuyapa alama, nikagundua kwamba alama hizo hupanda na kushuka kwa kufuata nilivyoamka siku hiyo.

Maswali yangu ni mawili. Mlijuaje kwamba wazo lenu ndilo? Na ni wakati gani mliacha kujaribujaribu mkaingia mzima mzima? Mke wangu hanizuii, ila ameniambia kwamba hataki kusikia wazo la 42 kabla hajaona mojawapo ya haya likifanyiwa kazi.

Mzee wa Karakana

Ndugu Mwanagenzi, nimefungua biashara tatu na kufunga mbili, kwa hiyo nadhani nina haki ya kukujibu.

Umeuliza kana kwamba wazo sahihi limejificha mahali fulani kati ya yale 41, na kazi yako ni kulitambua. Sijawahi kuona jambo likienda hivyo. Wazo hunyooka likiwa mikononi mwa mtu anayelifanyia kazi, na kwa kawaida likishanyooka halifanani tena na lile lililoandikwa. Mnamo Oktoba 2007 Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa wamebanwa na kodi ya pango huko San Francisco, na mkutano wa wabunifu ulikuwa umejaza hoteli za mji. Walitandika magodoro matatu ya kujaza upepo sebuleni kwao na kuyatangaza mtandaoni, wakapata wageni watatu. Airbnb ilitokana na usiku huo, na wakati ule hakuna aliyekuwa na mpango wa kubadili biashara ya malazi duniani. Shida ilikuwa kodi ya mwezi.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe. Biashara yangu ya kwanza niliianzisha kwa sababu watu kumi na wawili niliowauliza waliniambia kwamba wangenunua. Hawakunidanganya, walinistahi tu. Bidhaa ilipofika alinunua mmoja, naye ni shemeji yangu. Tangu hapo simwulizi mtu kama atanunua. Ninamwuliza mara ya mwisho tatizo lile lilipompata alifanya nini, lilimpotezea muda gani, na alimlipa nani, kwa sababu yaliyokwisha kutendeka hayana adabu ya kunipendezesha.

Chukua mawazo yako. Mwenye mashine aliyewahi kusahau matengenezo, alifanya nini baada ya hapo? Ikiwa alibandika kalenda ukutani na mambo yakaisha, mshindani wako ni kalenda, na kalenda ni mshindani mgumu kuliko unavyodhani: haina ada, haihitaji umeme, na haimwombi mtu neno la siri. Kwa upande wa zabuni, wewe umekaa ng'ambo ya pili ya meza kwa miaka tisa. Umeona maombi mangapi yakitupwa kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana, ilhali mwombaji alikuwa na uwezo wa kuifanya kazi? Hilo ungeweza kulijibu usingizini. Hayo mengine mawili utalazimika kwenda kuyajifunza kwa watu wengine.

Mwanagenzi

Ahsante sana, Mzee. Nikiri kwamba wazo la zabuni ndilo linalonivutia kidogo kuliko yote, labda kwa sababu linafanana na kazi ninayoifanya kila siku. Programu ya simu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Karani wa Zamani

Ninakubaliana na Mzee wa Karakana, ila maswali peke yake hayatoshi. Kati ya mtu aliyesema kwamba tatizo linamsumbua na mtu aliyetoa fedha mfukoni kuna umbali mkubwa, na njia ninayoijua ya kuupima ni kuuza kitu kidogo kabla hujajenga kitu kikubwa.

Mwaka 1999 Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu wangenunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu miguuni. Hakujaza ghala. Alipiga picha za viatu vilivyokuwa madukani, akaziweka mtandaoni, na mteja alipoagiza jozi alikwenda kuinunua dukani na kuituma. Hiyo haikuwa njia ya kupata faida, lakini ilijibu swali kwa gharama ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba. Kampuni iliyotokana na jaribio hilo, Zappos, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2009. Linganisha na Webvan, iliyoanza mwaka huohuo wa 1999 kuwapelekea watu mahitaji ya nyumbani waliyoagiza mtandaoni. Hao walitia saini mkataba wa takriban dola bilioni moja wa kujengewa maghala katika miji mingi kabla ya kuthibitisha kwamba ghala la kwanza linajilipa, na mwezi Julai 2001 wakafilisika. Wazo lao halikuwa bovu, maana leo linafanywa na kampuni nyingi. Walichokosea ni mpangilio wa hatua.

Kwa hiyo ningeyatazama mawazo yako matatu kwa swali moja: lipi linaweza kunijibu upesi, kwa gharama ndogo? La zabuni linahitaji kompyuta uliyonayo na Jumamosi kadhaa. La vifaa vya ujenzi linahitaji mtaji, isipokuwa uanze kama dalali kati ya mwenye kifaa kilicholala bure na mwenye kazi. La programu linaweza kujaribiwa bila programu yoyote: watafute wenye mashine kumi, andika tarehe zao za matengenezo, na uwatumie ujumbe wewe mwenyewe kwa miezi mitatu kwa ada ndogo. Wakikataa kulipia ujumbe unaoandikwa na binadamu, sioni kwa nini walipie ule unaoandikwa na mashine.

Jambo moja la ziada. Jaribio hukufundisha hata usichokiuliza, mradi uwe unatazama. M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waendeshaji wa jaribio wakaona watu wanaitumia kutumiana fedha, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutumiana fedha ndiyo iliyokuwa huduma yenyewe. Kama wangeng'ang'ania karatasi ya mpango wa awali, wangewaona watu hao kuwa wanaotumia mfumo vibaya.

Mpita Njia

Samahani kwa kuingilia. Mifano mingi mnayoitoa imechaguliwa kwa sababu ilishinda, isipokuwa huo wa Webvan. Waliotandika magodoro sebuleni na wasipate mgeni hatuwajui majina, na pengine walifanya kila kitu sawasawa. Mwanagenzi asitoke hapa akiamini kwamba hatua sahihi zinaleta matokeo sahihi. Zinachofanya ni kupunguza bei ya kukosea.

Lingine ambalo nashangaa halijatajwa: mtu wa idara ya ununuzi akiwaandalia waombaji nyaraka za zabuni, na mmoja wao akaomba zabuni kwa mwajiri wake, huo ni mgongano wa maslahi usio na mjadala. Kazi unaweza kuipoteza kabla biashara haijapata hata mteja wa tatu, na jina baya litakufuata hadi kwenye biashara hiyohiyo, kwa kuwa bidhaa yenyewe ni uaminifu.

Mizani

Mpita Njia amenitangulia kwa hilo la mgongano wa maslahi, kwa hiyo nitabaki kwenye swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuweka miaka miwili mahali pamoja.

Unafikiri kujifunga na wazo ni kama kuruka mto: ama uko ng'ambo hii au uko ile. Hadithi zinazosimuliwa sana zinatufundisha hivyo, kwa mfano ya Jeff Bezos, aliyeacha kazi nzuri ya fedha mwaka 1994 akaenda kuanzisha duka la vitabu mtandaoni. Lakini Phil Knight alianzisha mwaka 1964, pamoja na Bill Bowerman, kampuni iliyokuja kuitwa Nike, na akaendelea kuishi kwa mishahara ya uhasibu na ualimu hadi mwaka 1969, alipojitosa kikamilifu. Watafiti Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha mwaka 2014 uchunguzi uliotumia takwimu za Marekani, wakakuta kwamba walioanza biashara huku wakiwa bado kazini, kisha wakahamia huko kabisa, walikuwa na uwezekano wa kushindwa uliopungua kwa takriban theluthi moja ukilinganishwa na walioacha kazi moja kwa moja. Mtu anaweza kubisha kwamba huenda wenye tahadhari ni watu wa aina tofauti tangu mwanzo, na mimi nabisha hivyo kiasi, lakini angalau dai kwamba asiyeacha kazi hana nia limepata jibu.

Badala ya kujiuliza utapata nini, jiulize unaweza kupoteza nini bila nyumba yako kuyumba. Saras Sarasvathy, aliyewachunguza wajasiriamali wazoefu na kuandika matokeo yake mwaka 2001, aliona kwamba huanza na walichonacho mkononi: wao ni nani, wanajua nini, wanamjua nani. Kisha huweka kikomo cha hasara wanayoweza kuivumilia, na hawasumbuki sana kukisia faida ya mbali ambayo hakuna anayeweza kuikokotoa. Majedwali yako ya alama yanayumba kwa sababu yanakokotoa ya mbali. Kikomo cha hasara hakiyumbi, kwa kuwa unazijua akiba zako na unazijua Jumamosi zako.

Na kikomo hicho kiandikwe kabla ya kuanza, siyo katikati ya safari. Mwaka 1976 Barry Staw aliwapa wanafunzi wa biashara zoezi la kugawa fedha za kampuni ya kubuni. Wale ambao wao wenyewe ndio waliokuwa wamechagua idara iliyokuja kufanya vibaya waliiongezea fedha nyingi zaidi kuliko wale waliokuta uchaguzi umefanywa na mtu mwingine. Tukishakuwa wazazi wa wazo tunalilipia hata likituumiza. Mimi mwenyewe niliendesha duka miezi kumi na minne baada ya vitabu vya hesabu kuniambia nifunge, na kila mwezi nilikuwa na sababu mpya nzuri.

Ndiyo maana siogopi sana kwamba wazo la zabuni halikunyimi usingizi. Huenda hilo linalokukosesha usingizi ndilo lililo hatari zaidi kwako, kwa kuwa hutakuwa tayari kulisikia likikataliwa.

Mzee wa Karakana

Hapo kwenye usingizi sikubaliani na Mizani hata kidogo. Mwaka wa pili wa biashara, wateja wanapochelewa kulipa na umechoka, usipokuwa na kitu unachokipenda katika kazi ile utaiacha ikiwa hai. James Dyson alitengeneza mifano 5,127 ya kifyonza vumbi chake kabla hakijakubali. Hilo halifanywi na mtu aliyechagua kwa kikokotoo. Mapenzi yawepo. Ninachokataa ni kuyafanya ushahidi kwamba wateja wapo.

Mizani

Hapo nimekuelewa, Mzee. Ila Dyson kila mfano ulimfundisha jambo moja jipya, na mimi ile miezi kumi na minne haikunifundisha lolote. Labda hiyo ndiyo tofauti ya kuiangalia: je, mwezi huu nimejua nisichokijua mwezi uliopita?

Mwanagenzi

Nimesoma yote mara mbili, na jana nilimsomea mke wangu pia. Nimeamua hivi. Nitamwandikia mkuu wangu wa idara nikimweleza ninachokusudia, na nitachukua wateja wasiouza chochote kwa kiwanda chetu wala kwa wanaotuuzia; akikataa, wazo la zabuni nitaliacha na kuhamia kwenye jaribio la ujumbe kwa wenye mashine kumi. Akikubali, nitatumia Jumamosi zangu hadi tarehe 30 mwezi wa sita na sehemu ya akiba ambayo tumekubaliana nyumbani, basi. Nisipopata wateja watano waliolipa, na angalau wawili kati yao kurudi kwa zabuni nyingine, ninasimama. Nimeandika hayo kwenye karatasi na tumeitia saini wote wawili.

Kuhusu mapenzi, Mzee, nimekumbuka jambo. Mwaka jana nilimrudishia mwombaji mmoja jalada lake kwa sababu ya cheti kilichopitwa na tarehe kwa siku nne, na nilisikitika kutwa nzima. Sikuwahi kuliandika hilo daftarini, kwa kuwa sikuliona kuwa ni wazo.

Daftari lenyewe amelichukua mke wangu. Anasema atanirudishia tarehe mosi mwezi wa saba.